Tifasi, chawa na mkate: kwa nini kambini mgonjwa alipona na mzima akafa

Mara nyingi watu wakiandika kuhusu Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeacha shajara yake Amsterdam, utakuta wameandika alikufa kwa taifodi. Hapana. Taifodi ndo homa ya matumbo tunayoijua wote, unaipata kwenye maji machafu au chakula kilichoshikwa na mikono michafu. Anne na dada yake Margot walifia kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani, mwezi wa pili au wa tatu 1945, na kilichowaua ni tifasi, homa inayoletwa na chawa. Majina yanafanana kwa sababu zamani hata madaktari walikuwa wanayachanganya haya magonjwa mawili, yote yanamfanya mtu aweweseke, na asili ya neno ni Kigiriki, maana yake moshi au ukungu, yaani kama akili ya mgonjwa imefunikwa na moshi. Ila ukishajua ni chawa sio maji, maswali yako yote yanabadilika, unaanza kujiuliza hao chawa walitoka wapi, kwa nini hawakuondolewa, na nani alikuwa na uwezo wa kuwaondoa.

Halafu kuna fumbo lingine kwenye familia hiyohiyo ambalo limenisumbua miaka mingi. Pale Amsterdam, walipojificha ili Wanazi wasiwakamate, walikuwa watu 8. Walikamatwa wote tarehe 4 Agosti 1944, mwezi uliofuata wakapelekwa Auschwitz, kambi ya Wanazi kule Poland, na mpaka vita inaisha amebaki mmoja tu, baba yake Anne, Otto Frank. Sasa huyu Otto hakuwa kijana wala hakuwa mwenye nguvu kuliko wenzake, tena ndo alikuwa mgonjwa, amelazwa kwenye zahanati ya kambi, mifupa mitupu. Kijana wa umri wa miaka 18 waliyekuwa naye, Peter van Pels, mzima kabisa, akafa. Inakuwaje? Hapa ndo nataka tukae, maana ukielewa hili umeelewa jinsi ugonjwa ulivyofanya kazi ndani ya zile kambi.

Tuanze na chawa. Sio yule wa kichwani ambaye mama anakuchambua nywele jioni. Huyu ni chawa wa nguoni, anaishi na kutaga mayai kwenye mishono ya nguo, anakuja mwilini kunyonya damu mara kadhaa kwa siku kisha anarudi kwenye mshono. Mimi nilisoma bweni mkoa wa baridi, muhula mmoja chawa wakaingia bwenini, tukajikuna mpaka usingizi ukapotea. Matroni hakutukemea, alituambia tugeuze nguo ndani nje, tuwashe pasi za mkaa, tupige mishono tu, kwapani, kiunoni, kwenye kola. Unapitisha pasi unasikia ta ta ta, mayai yanapasuka kama chumvi kwenye moto. Mashuka tukayachemsha kwenye pipa. Wiki mbili hivi chawa wakaisha na hakuna aliyeugua. Nikikumbuka sasa naona tulikuwa na vitu vinne tu: nguo ya pili ya kuvaa wakati ile nyingine inafuliwa, maji, moto, na mtu mzima mmoja anayejali. Mfungwa wa Bergen-Belsen hakuwa na hata kimoja.

Na tifasi yenyewe inaendaje. Chawa akimnyonya mgonjwa anameza bakteria, wanazaliana kwenye utumbo wake mpaka unapasuka, chawa anageuka mwekundu na yeye mwenyewe anakufa ndani ya wiki moja mbili. Lakini kabla hajafa anajisaidia kwenye ngozi yako, na bakteria wamo kwenye kile kinyesi, sio kwenye mdomo. Wewe unawashwa, unajikuna, kucha zinachana ngozi kidogo tu, umeshajipaka mwenyewe. Siku 8 mpaka 14 baadaye hivi homa inapanda ghafla mpaka nyuzi 40, kichwa kinauma kama kinapasuliwa, misuli inauma, baada ya siku kama tano vipele vinatokea kifuani na tumboni, halafu akili inaondoka, mtu anaongea na watu ambao hawapo. Bila dawa inaweza kuua watu 10 mpaka 40 katika kila wagonjwa 100, na mwenye njaa ndo yuko upande mbaya wa hesabu hiyo.

Kuna kitu kimoja kuhusu chawa ambacho kwangu kinaeleza karibu kila kitu: hapendi joto kali na hapendi baridi. Mtu akichemka homa chawa wanamhama. Mtu akifa, mwili ukaanza kupoa, chawa wanamhama. Wanaenda kwa aliye karibu. Sasa fikiria banda ambalo watu wamelala wanabanana kwenye ubao mmoja au sakafuni, miguu ya huyu kichwani kwa yule, blanketi moja, mmoja ana homa, mwingine amekufa usiku na hakuna mwenye nguvu ya kumtoa. Chawa wala hahitaji kusafiri mbali.

Wala hii elimu haikuwa siri. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, aliona wagonjwa wa tifasi wanaambukiza watu mtaani, wanaambukiza mpaka wafanyakazi wa hospitali wanaopokea nguo zao mlangoni, lakini wakishavuliwa, wakaogeshwa na kuvalishwa nguo safi, hawamwambukizi mtu tena wodini. Kumbe ugonjwa unabaki kwenye nguo. Akapewa tuzo ya Nobel 1928 kwa kazi hiyo. Bakteria wenyewe wanaitwa Rickettsia prowazekii, kwa heshima ya watafiti wawili ambao wote waliuawa na tifasi wakiichunguza, Ricketts akiwa Mexico 1910 na Prowazek kwenye kambi ya mateka wa vita Cottbus, Ujerumani, 1915. Yaani Wajerumani walikuwa wanaujua ugonjwa huu vizuri kuliko karibu mtu yeyote duniani, na walijua vilevile kwamba ukikusanya watu kwenye kambi bila sabuni unaupata. Auschwitz walibandika mabango kwenye mabanda yenye maneno haya, chawa mmoja, kifo chako. Bango walitoa. Maji ya kufulia hawakutoa.

Kwa hiyo mtu akikwambia wale wafungwa "walikufa kwa magonjwa", kana kwamba ni bahati mbaya ya vita, mwambie asimame kidogo hapo. Bergen-Belsen haikuwa na chumba cha kuulia watu kwa gesi hata kimoja. Watu kama 52,000 wa kambi ile ya mateso walikufa, na silaha ilikuwa njaa, msongamano na chawa. Desemba 1944 kulikuwa na wafungwa kama 15,000. Jeshi la Urusi lilivyokuwa linasogea, SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, wakahamisha wafungwa kutoka kambi za mashariki, wengi kwa miguu kwenye theluji, wengine kwenye mabehewa ya wazi, wakawarundika pale, wamekuja na chawa wao na homa zao, mpaka Aprili 1945 wamefika kama 60,000 kwenye mabanda yaleyale, vyoo vilevile. Machi peke yake walikufa watu kama 18,000. Ni mwezi mmoja huo.

Waingereza walipoingia tarehe 15 Aprili, tena kwa makubaliano maalumu na jeshi la Ujerumani lililoogopa tifasi isisambae nje, walikuta maiti kama 13,000 zimelala juu ya ardhi na watu hawajapata mkate wala maji kwa siku kadhaa. Na kitu ambacho mimi nikikisoma kinanikaba koo mpaka leo: kama kilomita 3 tu kutoka pale, kwenye kambi ya mafunzo ya jeshi la vifaru, kulikuwa na maghala yamejaa viazi, nyama ya makopo, sukari na maziwa ya unga, na kiwanda cha mikate chenye uwezo wa kuoka mikate 60,000 kwa siku. Mkate mmoja kwa kila mfungwa, kila siku. Ulikuwepo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hii sio stori ya mbali sana. Burundi, vita ya 1993 ilipowasukuma watu kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kule milimani kwenye baridi, homa moja ya ajabu ikaanza, ilionekana kwanza gereza la Ngozi karibu na mwisho wa 1995, na 1997 ikalipuka kambini, makumi ya maelfu wakaugua. Watu waliiita sutama, kwa Kirundi ni kuchuchumaa, kwa sababu misuli ilikuwa inauma kiasi kwamba mgonjwa hawezi kunyooka, anabaki amejikunyata amechuchumaa. Ilikuwa tifasi ileile, bakteria walewale, chawa walewale. Tofauti ni kwamba safari hii dawa ipo, dozi moja tu ya doksisaiklini miligramu 200, vidonge viwili, na mgonjwa anainuka. Mwaka 1945 dawa za aina hiyo zilikuwa bado, zilikuja miaka michache baada ya vita. Lakini pasi, maji na nguo safi vilikuwepo tangu zamani.

Sasa turudi kwa Otto na lile fumbo la zahanati.

Auschwitz ilikuwa na hospitali, wafungwa waliiita Revier, na madaktari waliokuwa wanahangaika humo wengi walikuwa wafungwa wenyewe, hawana dawa, wanafunga vidonda kwa bandeji za karatasi. Juu yao yuko daktari wa SS, na kazi ya huyu sio kutibu. Anapita kitanda kwa kitanda, anayeonekana hatarudi kazini haraka anaandikwa namba yake. Wengine walichomwa sindano ya fenoli, kemikali ya sumu, moja kwa moja moyoni. Tarehe 29 Agosti 1942, katikati ya mlipuko mkubwa wa tifasi, SS waliwatoa wagonjwa zaidi ya 700 wa wodi za tifasi, wakiwemo walioshapona na wanaanza kupata nguvu, wakawapeleka kwenye gesi. Hivyo ndivyo walivyopunguza ugonjwa. Na ile gesi yenyewe, Zyklon B, ilikuwa ni dawa ya kuulia chawa na wadudu wengine, ndo matumizi yake ya awali. Halafu kwenye vitabu vya vifo vya kambi karani anaandika moyo umechoka, au nimonia. Kwa hiyo watu walificha ugonjwa kwa kila njia, wanajifinya mashavu yawe mekundu siku ya ukaguzi, wanasimama na homa ya nyuzi 39 kwenye gwaride, anayechechemea anajilazimisha atembee sawa. Na kuchechemea kulikuwa kwa kawaida sana, viatu vya mbao visivyokutosha vinakuchubua, kidonda kinaoza, mguu unavimba usaha, na kwa mtu anayeishi kwa kalori kati ya 1,300 na 1,700 kwa siku huku anabeba mawe, kidonda kidogo hakiponi. Watu wamekufa kwa sababu ya malengelenge ya kiatu.

Kwa hiyo zahanati ilikuwa mtego. Hiyo ni kweli ya 1942, 1943, na sehemu kubwa ya 1944. Lakini mwanzoni mwa Novemba 1944 SS walisimamisha mauaji ya gesi Auschwitz, vita inawaelemea, wanaanza kufuta ushahidi. Otto alilazwa Novemba hiyohiyo. Unaona? Angelazwa miezi miwili mapema huenda tusingekuwa na mtu wa kusimulia. Jengo ni lilelile ila maana yake imebadilika kwa tofauti ya wiki chache, na yeye hakuwa na namna ya kujua.

Kisha ikaja Januari 1945. Kuanzia tarehe 17 SS wakawatoa wafungwa zaidi ya 56,000 watembee kwenda magharibi kwenye baridi kali, anayekaa chini anapigwa risasi. Wagonjwa waliachwa, na nia haikuwa huruma, ila SS walikimbia kabla hawajawamaliza wote. Peter alikuwa na kazi nafuu kwenye barua na vifurushi, alikuwa anakula vizuri kidogo, alikuwa anamletea Otto chakula pale zahanati. Otto alimsihi abaki, ajifiche kwenye wodi ya wagonjwa. Peter akaona yeye ana nguvu, atafika. Alifika kweli, mpaka kambi ya Mauthausen, Austria, na akafia huko Mei 1945, siku zilezile kambi inakombolewa. Warusi waliingia Auschwitz tarehe 27 Januari wakakuta watu kama 7,000 waliobaki, wengi wao wagonjwa, Otto mmojawapo.

Simlaumu Peter hata kidogo. Kwa yote aliyokuwa ameyaona mpaka siku ile, kubaki kitandani ilikuwa ndo kufa na kutembea ndo kuishi. Watu huuliza waliopona walikuwa na siri gani, na mimi naona swali hilo linawaonea waliokufa, kana kwamba kuna kitu walikosea. Sheria za kupona kule zilikuwa zinabadilishwa na wauaji, kila mwezi, bila taarifa.

Hata kukombolewa kwenyewe kuliua. Wale askari wa Kiingereza Bergen-Belsen ni vijana, wameona watu wanavyoonekana, wakatoa walichokuwa nacho, makopo ya nyama na mboga, mafuta mazito ya jeshi. Watu wakala, na wengi wakafa ndani ya saa au siku chache. Kuhara ni sehemu ya sababu, utumbo umeshakuwa mwembamba kama karatasi, hauwezi mafuta. Lakini kuna kingine. Mwili ukikaa na njaa muda mrefu unaishi kwa kujila wenyewe, unapunguza kila kitu, na akiba ya madini kama fosfeti, potasiamu na magnesiamu inakuwa imekwisha, ila kwenye damu bado inaonekana ipo kidogo. Ukiingiza chakula kingi kwa mpigo insulini inapanda, chembe za mwili zinavuta yale madini yote kwa pamoja ili zitumie sukari, damu inabaki haina, moyo unakosa cha kupigia. Mtu ametoka kula, ana furaha, anaanguka. Ndo maana mpaka leo mtoto mwenye utapiamlo mkali akifika wodini anaanzishiwa maziwa mepesi kidogokidogo, na mama asione wauguzi wanamnyima.

Waingereza wakajaribu mchanganyiko uliotumika kwenye njaa ya Bengal, India, unga, maziwa ya unga na sukari, ila kwa watu wa Ulaya mashariki ulikuwa mtamu mno, wengi walishindwa kuumeza. Wakajaribu kuwapa protini iliyovunjwavunjwa, wengine kwa sindano. Na hapo wagonjwa wakapiga kelele wakijaribu kujivuta mbali na kitanda, wakisema kwa Kijerumani kibovu cha kambini hapana krematoria, hapana, yaani wasipelekwe kwenye tanuri za kuchomea maiti, kwa sababu mara ya mwisho walipoona mtu mwenye koti jeupe na sindano walijua kinachofuata. Hata kumtibu mtu ilibidi kwanza umrudishie imani kwamba daktari ni daktari.

Kilichozuia tifasi mwishowe ni kilekile cha Nicolle. Wakatengeneza sehemu ya kuogeshea kwenye mazizi ya farasi, wauguzi wa Kijerumani wakaletwa, kila mgonjwa anavuliwa, ananyolewa, anaogeshwa, anapuliziwa unga wa DDT, dawa ya kuua wadudu, anafungwa blanketi safi, anahamishiwa kwenye majengo mazuri ya lile jeshi la vifaru. Banda likiisha watu linachomwa moto, la mwisho tarehe 21 Mei. Mwanzoni walikuwa wanakufa hata watu 500 kwa siku, na jumla waliokufa baada ya ukombozi walifika kama 13,000 au zaidi, lakini idadi ikashuka wiki kwa wiki.

Nani alikuwa amewashika mkono kabla ya hapo? Wafungwa wenzao. Hadassah Bimko, daktari wa meno Myahudi kutoka Poland ambaye mumewe na mtoto wake mdogo waliuawa Auschwitz, aliwalea na wenzake watoto karibu 150 pale Bergen-Belsen majira yote yale ya baridi, wakiomba na kuiba chakula na dawa popote walipoweza, na karibu wote waliiona siku ya ukombozi. Watoto, kwenye kambi ile, mwezi ule wa Machi. Ukombozi ulipokuja Waingereza walimwendea yeye awakusanye madaktari na wauguzi miongoni mwa wafungwa, na wengi waliojitolea walikuwa hawajapona wenyewe. Waliowahi kuugua tifasi wakapona walikuwa na faida moja, kwa kawaida haikupati tena kutoka kwa chawa, kwa hiyo hao ndo waliweza kugusa wagonjwa. Sio kwamba imeondoka kabisa mwilini, bakteria wanaweza kujificha na kuamka miaka mingi baadaye mtu akizeeka au akiwa dhaifu, wapo waliopatwa na homa ileile wakiwa tayari wazee, wako nchi nyingine, hawajaona chawa miongo kadhaa.

Kati ya waliokuwa wanauguza pale ni dada wawili Waholanzi, Janny na Lien Brilleslijper. Janny alisimulia baadaye kwamba siku moja ya baridi kali Anne alimjia akiwa amejifunga blanketi tu, hana nguo hata moja. Alikuwa amezitupa zote. Alisema hawezi tena kuvumilia wadudu waliokuwa humo. Janny akatafuta huku na huku, akampa mkate na nguo alizopata. Yeye mwenyewe Janny aliugua tifasi muda si mrefu, akapona.

Otto alifika Amsterdam mwanzoni mwa Juni 1945. Mke wake alijua ameshafariki, aliambiwa njiani. Ya mabinti hakujua, akawa anauliza kila anayerudi kutoka Ujerumani, anasoma orodha, anaandika barua. Ilikuwa Julai alipowapata kina Brilleslijper, nao ndo wakamwambia.